Draiva inayotoa mpira chini: tatizo ni namba ya fimbo au mahali unapoupigia?

Swali: "Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni fundi wa viyoyozi, nakaa Bububu, na huu ni mwaka wangu wa pili nacheza gofu kule Mangapwani kila ninapopata nafasi. Fimbo za chuma nazipiga vizuri, lakini draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, imenishinda. Mpira unaondoka chini chini, unapanda kidogo mbele ya safari, kisha unaanguka kama uliochoka. Mgeni mmoja aliyekuwa na mashine ya rada alinipimia akaniandikia namba hizi: kasi ya kichwa cha fimbo maili 92 kwa saa, pembe ya kushukia digrii 4 kuelekea chini, pembe ya mruko digrii 7, mzunguko 3,700 kwa dakika. Draiva yangu imeandikwa 10.5. Rafiki yangu anauza ya digrii 12, anasema nikiichukua mpira utapanda wenyewe. Mwengine ananiambia niupige kwa kuunyanyua. Tii, vile vijiti vya kusimamishia mpira, natumia hizi zilizokatika ninazoziokota uwanjani. Ni kitu gani khasa kinachoamua mpira uondoke kwa pembe gani, na nimsikilize nani?"

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwa ufupi, usinunue fimbo hiyo kwa sasa, na wala usijaribu kuunyanyua mpira. Katika yote uliyoyaandika, sentensi niliyoirudia kuisoma ni ile ya tii zilizokatika, ambayo umeitia mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Namba zako nne zikisomwa pamoja zinaeleza kwamba unaupiga mpira kwa sehemu ya chini ya uso wa draiva, tena fimbo inaufikia mpira ingali inashuka. Mambo hayo mawili yanalishana, na namba iliyoandikwa kwenye fimbo haihusiki sana na lolote kati yao.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Pembe ya mruko ni pembe iliyopo baina ya usawa wa ardhi na njia ya mpira katika kitambo kile unapoachana na uso wa fimbo, kabla hewa na uzito havijaanza kuipinda njia hiyo. Skuli tulifundishwa kwamba kitu kinachorushwa hufika mbali zaidi kikirushwa kwa digrii 45, na hilo ni kweli kwa jiwe mahali pasipo na hewa. Mpira wa gofu huondoka huku ukizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo, ukisaidiwa na vishimo vilivyojaa juu ya ngozi yake, huufanya ubebwe na hewa namna tiara inavyobebwa na upepo. Kwa sababu hiyo draiva haihitaji digrii 45 wala nusu yake. Kwa mtu wa kasi yako mimi ningetafuta mruko wa kati ya digrii 12 na 15, na mzunguko wa karibu 2,500 hadi 2,800 kwa dakika. Wako unaanza chini mno, halafu mzunguko mwingi unaupandisha wakati kasi imeshapungua, na huko ndiko kuchoka unakokuona.

Sasa tuje kwenye kinachoamua. Kwa draiva, takriban asilimia 85 ya pembe ya mruko hutokana na mwinamo wa uso wa fimbo wakati unapogusana na mpira, na asilimia 15 iliyobaki hutokana na pembe ya kushukia, yaani iwapo kichwa cha fimbo wakati huo kinashuka, kinakwenda sambamba na ardhi au kinapanda. Zingatia maneno "wakati unapogusana". Namba 10.5 iliyopigwa kwenye fimbo yako ni mwinamo uliokusudiwa kiwandani, unaopimwa fimbo ikiwa imetulia, na hata huo aghalabu hutofautiana na mwinamo wa kweli wa fimbo uliyoishika mkononi, mara nyingine kwa digrii nzima. Fimbo ikiwa katika mwendo, mikono ikitangulia mbele ya mpira mwinamo hupungua, mpini ukipinda na kukisukuma kichwa mbele huongezeka, na kutegemea mahali mpira unapogonga kwenye uso, hubadilika tena.

Hebu tuipitishe kanuni hiyo kwenye namba zako. Asilimia 15 ya digrii 4 za kushuka ni 0.6. Mruko wako ni 7, kwa hiyo mchango wa uso wa fimbo ulikuwa 7.6, na 7.6 ni asilimia 85 ya kitu kinachokaribia 8.9. Maana yake ni kwamba draiva ya 10.5 imefika kwenye mpira ikifanya kazi ya draiva ya 9. Kwa wachezaji wengi wanaoipiga vizuri mambo huwa kinyume, kwani mwinamo wa wakati wa kugonga huzidi ule ulioandikwa, kwa sababu mpini unapinda kwa mbele na kichwa kinapanda. Hivyo ulichokipoteza wewe ni zaidi ya digrii moja na nusu, na ni lazima tujue kimepotelea wapi.

Ichukue draiva yako, isimamishe mbele ya jicho na uitazame kwa upande. Uso wake umetuna, kutoka unyayo hadi utosi na kutoka kisigino hadi ncha. Mtuno wa juu hadi chini ni kipande cha duara ambalo, kwa draiva nyingi, nusu ya kipenyo chake ni kama sentimita 28 hadi 30, na ukifanya hesabu utakuta kwamba kila sentimita moja unayopanda juu ya katikati ya uso inaongeza takriban digrii 2 za mwinamo, na kila sentimita unayoshuka inaondoa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo 10.5 ni mwinamo wa mahali pamoja tu, pale katikati. Ukigonga sentimita moja chini yake umeshika fimbo ya 8.5, ukigonga sentimita moja juu umeshika ya 12.5, na hujatoa hata shilingi. Ile fimbo ya digrii 12 anayoiuza rafiki yako unayo tayari, ipo sentimita chache juu ya mahali unapopigia.

Lipo na jambo la pili, ambalo wachezaji wengi hawaambiwi. Mpira ukigongwa chini ya kitovu cha uzito wa kichwa, kichwa chenyewe huinamia mbele kidogo wakati wa kishindo, na uso unapojivuta kuelekea chini huuzungusha mpira uliobanana nao, kama gia mbili zilizoumana meno, ambapo moja ikienda huku nyingine huenda kule. Matokeo yake ni kwamba mzunguko wa kinyumenyume unaongezeka. Ukigongwa juu ya kitovu hicho, kichwa hulala nyuma kidogo na mzunguko hupungua. Kwa hiyo mpira wa chini ya uso huondoka chini na kuzunguka mno, na mpira wa juu kidogo ya katikati huondoka juu na kuzunguka kiasi. Lau tatizo lako lingekuwa fimbo yenye mwinamo mdogo tu, mruko ungekuwa mdogo na mzunguko nao ungepungua. Kwako mruko ni mdogo na mzunguko ni mwingi, na viwili hivyo vikikutana kwa mtu wa maili 92, mimi hutazama uso wa fimbo kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Usiniamini kwa maneno. Chukua poda ya mtoto ya dukani na kitambaa. Futa uso wa draiva kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, upake poda kwa kiganja mpaka uwe na utando mweupe, kisha piga mpira mmoja na utazame. Mpira huacha alama ya duara, upana wake ni kama wa sarafu. Futa, paka tena, piga tena, na kila alama uichore kwenye karatasi uliyokwisha kuchora umbo la uso wa fimbo, angalau mipira kumi, bila ya kuruka ile uliyoipiga vibaya. Nilimfanyia hivi mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameshika kwamba anapiga katikati kila siku. Alama yake ya kwanza haikuwa duara kamili. Ilikuwa hilali, mwezi mwandamo uliolalia ukingoni kabisa mwa uso, kwa sababu sehemu iliyobaki ya duara haikupata uso wa kuiandika. Ilikuwa imetokeza nje, chini ya unyayo. Aliitazama kwa muda, akaipitisha kidole juu yake, akaniuliza kama poda haikumwagika. Tukapaka tena, na mwezi ukaandama mahali pale pale.

Hapa ndipo tii zako zinapoingia. Mpira wa gofu kwa sheria hautakiwi kuwa na kipenyo chini ya milimita 42.67, na uso wa draiva ya kisasa una kimo cha sentimita 5 hadi 6 hivi. Unyayo wa draiva haupaswi kuparuza ardhi kama fimbo ya chuma. Hupita juu ya majani, sentimita moja au mbili. Sasa kipande cha tii kilichokatika kina sentimita 3 au 4, na ukikizamisha kiasi cha kusimama, mpira unakaa juu ya ardhi kwa sentimita moja tu au pungufu. Hesabu inakataa, kwa sababu ili uupate mpira huo kwa katikati ya uso inabidi unyayo wa fimbo ukwaruze chini, na mwili wako, ambao hautaki kukwaruza chini, unachagua kuupiga kwa nusu ya chini ya uso. Huna kosa la mikono hapo. Umejiwekea mpira mahali ambapo uso hauwezi kuufikia.

Nunua tii nzima za milimita 70 au 83. Sheria yenyewe inaruhusu mpaka milimita 101.6, kwa hiyo hakuna atakayekulaumu. Laza draiva nyuma ya mpira, na upandishe tii mpaka kiasi cha nusu ya mpira kionekane juu ya utosi wa fimbo. Mwanzoni utaogopa kupita chini ya mpira na kuupeleka juu kama fataki. Itakutokea mara mbili tatu, na alama za poda zitakuonyesha kwamba umepanda mno, basi utashusha tii kidogo. Anayepanda mno hurekebishika kwa siku moja. Anayepiga chini kwa miaka miwili huchukua muda zaidi.

Kuhusu pembe ya kushukia, rafiki yako wa pili ameligusa jambo la kweli kwa njia mbaya. Digrii 4 za kushuka ni nyingi kwa draiva. Zimetoka kwenye fimbo zako za chuma, ambazo kwa haki unazipiga kwa kushuka kwa kuwa mpira uko juu ya majani na ni lazima fimbo iukute kabla ya ardhi. Draiva ndiyo fimbo ambayo mpira wake kwa kawaida umenyanyuliwa na tii, kwa hiyo inaweza kuuendea ikiwa imeshapita sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wake na imeanza kupanda.

Lakini kuunyanyua kwa mikono hakuleti hilo. Mpira na uso wa fimbo hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hakuna kiganja duniani kinachoweza kufanya uamuzi ndani ya kitambo hicho. Anayejaribu kuunyanyua huishia kuegemea mguu wa kulia, fimbo ikafika chini kabla ya mpira, na matokeo yake ni ama kuchimba ardhi ama kuupiga mpira kichwani. Fimbo inapanda kwa sababu ya namna ulivyosimama kabla ya kuanza. Kwa anayepigia mkono wa kulia, mpira uwe mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto, kwa ndani. Bega la kulia liwe chini kuliko la kushoto, kwa kuwa na mkono wa kulia uko chini zaidi kwenye mpini. Kichwa chako kibaki nyuma ya mpira. Na mikono isitangulie kuelekea shabaha kama unavyofanya kwa fimbo namba 7. Ukisimama hivyo, swingi ile ile uliyonayo itaukuta mpira mbele zaidi katika safari yake. Ningekushangaa kama mpira wako sasa hauko karibu na katikati ya miguu.

Nataka hapa usitarajie yasiyokuwepo. Kupanda kwa fimbo peke yake hakuongezi mruko kwa wingi. Chukua mwinamo wa digrii 13 wakati wa kugonga: ukishuka kwa digrii 4 utapata mruko wa karibu 10.5, na ukipanda kwa digrii 2 utapata wa karibu 11.3, tofauti isiyofika digrii moja. Faida iko kwenye mzunguko, ambao unategemea pengo lililopo baina ya mwinamo na pembe ya kushukia. Katika hali ya kwanza pengo ni digrii 17, katika ya pili ni 11, na mpira wa pili utapungua mzunguko na kuondoka kwa kasi zaidi ingawa fimbo imekwenda kwa mwendo ule ule. Zaidi ya hayo, ukisimama kwa namna niliyoieleza, mwinamo nao huongezeka kwa kuwa mikono haitangulii, na mruko unapata pande zote mbili.

Ukitazama mashindano kwenye televisheni, tazama ya wanawake. Takwimu za wastani za TrackMan, kampuni ya mashine za rada, zilizonukuliwa sana kwa miaka mingi ziliwapa wanaume wa ligi kuu ya Marekani kasi ya maili 113, pembe ya kushukia ya digrii 1.3 kuelekea chini na mruko wa 10.9. Wanawake wa ligi yao walikuwa na maili 94, digrii 3 kuelekea juu, mruko wa 13.2 na mzunguko wa 2,611. Kasi yako ni ya hao wa pili. Mtu mwenye maili 113 anaweza kumudu kupiga kwa kushuka kidogo kwa sababu kasi itamlipia. Sisi wengine tunahitaji kila digrii. Vijana wetu wengi huiga wanaume hao kwa sura, pamoja na tii fupi na mpini mgumu, kisha wakashangaa.

Mpini una athari, lakini ndogo kuliko inavyozungumzwa. Mpini laini, au unaopindia karibu na kichwa, huongeza mwinamo kidogo wakati wa kugonga, kwa kawaida si zaidi ya digrii moja kwa mtu wa kasi yako. Kichwa ambacho uzito wake umewekwa chini na nyuma huupandisha mpira kuliko kile ambacho uzito wake umesogezwa mbele karibu na uso. Hayo ni ya kushughulikia baada ya alama za poda kutulia.

Na ile ya digrii 12? Kama ungeinunua leo ukaendelea na tii zako, digrii 1.5 za ziada zingekupa takriban 1.3 za mruko, ukatoka 7 ukafika 8 na kitu, na mzunguko ambao tayari umezidi ungeongezeka tena. Mpira ungepanda zaidi mwishoni na kuanguka pale pale. Angalia pia kama draiva yako ni ya zile zenye shingo inayofunguliwa kwa ufunguo wake; nyingi huruhusu mwinamo kuongezwa au kupunguzwa kwa digrii 1 hadi 2, na ukiongeza, uso hufunga kidogo kuelekea kushoto, jambo ambalo anayepeleka mpira kulia hulifurahia na anayeupeleka kushoto hulijutia.

Limebaki la upepo, kwa sababu najua utaniuliza. Kusi au kaskazi haubadilishi pembe ya mruko, kwani mpira unapoachana na fimbo upepo bado haujapata nafasi ya kufanya kazi. Anayebadilika ni mpigaji. Upepo ukimjia usoni, hushusha tii, huupeleka mpira nyuma kati ya miguu na kuupiga kwa kuushukia, akidhani amepata mpira wa chini, kumbe ameongeza mzunguko, na upepo wa mbele huuinua mpira wenye mzunguko mwingi mpaka unasimama angani. Dhidi ya upepo weka tii yako kama kawaida na upige kwa utulivu zaidi. Usiufuate pia ushauri wa jamaa wanaocheza Nairobi bila ya kuupima, kwa sababu huko ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira haubebwi sana wala hauzuiwi sana, na mruko wa juu kidogo una manufaa kwao kuliko kwetu tulio sawa na maji.

Fanya hivi. Mipira kumi kwa tii zako za sasa na poda, kumi kwa tii ndefu ukisimama kama ulivyo, na kumi kwa tii ndefu mpira ukiwa mkabala na kisigino cha kushoto, kila kumi na karatasi yake. Alama zikihamia juu kidogo ya katikati, muombe yule mgeni au mwingine mwenye mashine akupimie tena. Ukikuta mruko umefika 12 au zaidi, mwambie rafiki yako atafute mnunuzi mwingine. Ukikuta umekwama kwenye 10 huku alama ziko mahali pake na mzunguko umeshuka, hapo fimbo ya digrii 12 ina kazi ya kufanya kwako. Iazime, uipake poda, uipige mipira kumi kwa tii hiyo hiyo ndefu, ndipo mzungumze bei.